Pikipiki ya Marehemu Tibo

Sehemu ya Saba

Turubai lilifunuka lote kwa mvuto mmoja.

Mliokosa usingizi tangu Jumamosi iliyopita mkijiuliza kuna nini chini yake, haya, tazameni na Talato, binti wa marehemu. Tangi la buluu lilikuwepo. Usukani ulikuwepo. Matairi mawili, kiti chenye kiraka, hata ile kengele ya baiskeli aliyoifunga marehemu kwa mkono wake. Lakini pale katikati, panapokaa moyo wa pikipiki, palikuwa na tofali.

Tofali la udongo! Limefungwa kwa mpira wa tairi lisidondoke.

Wiki kumi na moja Talato amekuwa akija kwenye gereji hii ya Dapoya, hapa Wagadugu. Njoo Jumatatu. Njoo Alhamisi. Plagi haijafika. Kabureta imepelekwa kusafishwa. Fundi wa kuchomelea kafiwa na shangazi, kisha na shangazi mwingine. Na kila akija analiona turubai limetuna umbo la pikipiki, anaondoka na moyo mweupe. Kumbe anaaga tofali.

"Nani huyo anamvua mzee nguo mchana kweupe?"

Alikuwa Zerbo, fundi mwenyewe, oili mpaka viwikoni, akitafuna kokwa ya kola shavuni.

"Injini iko wapi?" Talato akauliza.

"Anza na salamu, mtumwa wangu. Nyie Wamosi mlilelewa na punda?"

"Zerbo. Injini ya baba yangu iko wapi?"

"Nimeiuza. Nikanunua kichwa cha mbwa. Kilikuwa kitamu, ningekuwekea sikio ila najua utataka na pua."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Wateja waliokaa kwenye mabenchi wakicheza na simu, muuza maharage, hata mpita njia.

Na wewe unayesoma una watani wako, unajua raha na adha yake. Ila utani wa Wamosi na Wasamo hauna breki. Msamo anaingia kwa Mmosi, anafunua chungu, anakula, anamwita mwenye nyumba mtumwa, na mwenye nyumba anacheka. Kesho Mmosi analipiza. Anayenuna ndiye mwenye kosa, na watu watamzomea mpaka akome. Zerbo ni Msamo, mla vichwa vya mbwa kama wanavyotaniwa Wasamo. Talato ni Mmosi.

Sasa Talato angenuna vipi?

Lakini siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Jumamosi ndiyo matanga makuu ya baba yake kule kijijini Kumtenga. Mzee Tibo hakuna aliyemkumbuka bila ile pikipiki ya buluu. Na Nobila, mdogo wa marehemu, alishasema mbele ya ukoo mzima: "Mjane kaiuza pikipiki ya kaka yangu kabla hata ya matanga. Isipoonekana Jumamosi, huyo mwanamke anaondoka na vyungu vyake." Mama yake Talato ana miaka thelathini na mbili kwenye boma lile. Hana kwingine.

"Zerbo, leo sina utani," Talato akasema taratibu. "Nionyeshe injini."

"Wiki ya pili uliniuliza hivi hivi. Nilikujibuje?"

Talato akalitazama tena lile tofali.

"Azeta!" Zerbo akamgeukia muuza maharage. "Wewe ulikuwepo. Nilimwambiaje?"

Azeta, mama mnene mwenye upawa mkononi, akafikiri. "Ulimwambia umeiuza."

"Na yeye?"

"Alicheka. Akakwambia hilo tumbo lako usiku litabweka."

Watu wakacheka tena, maana lilikuwa jibu zuri. Talato mwenyewe alilikumbuka, na akakumbuka alivyojivunia siku ile.

"Haya. Wiki ya tano je? Si nilikutajia na aliyeinunua?"

Turubai likamdondoka Talato mkononi.

Wiki ya tano Zerbo alisema hivi: "Baba yako mdogo Nobila ni mke wangu. Alikuja hapa, akanipa mahari, akaondoka na injini kaikumbatia kama mtoto mchanga." Na Talato alicheka mpaka akakaa chini! Alitoa kola mbili akampa kwa kumchekesha.

"Nobila?" Sauti ilimtoka ndogo kama ya kifaranga.

Zerbo akasogea. Akainama sikioni mwake, na safari hii hakuwa akitania wala nini.

"Alitaka pikipiki isitoke mpaka matanga yapite, mama yako afukuzwe, boma abaki nalo yeye. Injini akaichukua kabisa, asije akasikia nimekuonea huruma. Mimi mtu mkweli, Talato. Mara zote nilikwambia."

"Na plagi haijafika? Na kabureta? Na hao mashangazi?"

"Ah." Zerbo akatabasamu. "Huo ndio ulikuwa utani."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu hakuna utakachonifanya. Nenda polisi. Waambie Msamo kala injini ya Mmosi. Watakuvutia kiti mcheke wote."

Talato alitazama huku na huku. Mabenchi yote yalikuwa yanamwangalia yeye, yanasubiri jibu lake, meno nje. Walikuwa wanasubiri utani!

Akawapa.

Alicheka. Alicheka kwa nguvu mpaka Azeta akaacha kupakua. Kisha akapita pembeni ya Zerbo, akainama, akalibeba boksi la spana. Boksi lote. Spana za namba zote, koleo, nyundo, ile mashine ndogo ya kuvutia beringi ambayo Zerbo hamwazimi hata pacha wake. Akalitwika kichwani.

"Jamani!" akawaambia watu. "Huyu Zerbo ni mke wangu nimemwacha. Naondoka na vyombo vyangu!"

Mabenchi yakalipuka. Watu wakapiga makofi, mmoja akapiga mluzi. Utani umejibiwa!

Zerbo naye alicheka, lakini kwa meno peke yake. Macho yalikuwa yanalifuata boksi.

"Haya, umeshinda. Rudisha."

"Msamo amekasirika?" Talato akauliza kwa sauti ya mnadani.

"Nani kasema nimekasirika?"

"Basi cheka."

"He he."

"Cheka vizuri, watu wakusikie."

Zerbo akacheka vizuri. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Chini pale kulikuwa na pikipiki nane za watu, zimefunguliwa, vyuma vimetandazwa kwenye magunia, na hana hata spana moja ya kufungia nati.

"Fundi," mteja mmoja akauliza, "yangu si inatoka leo?"

"Plagi haijafika," Talato akamjibia.

Halafu akamsogelea Zerbo, boksi kichwani, akasema kwa mnong'ono ule ule aliopewa. "Jumamosi, Kumtenga. Uje juu ya pikipiki ya baba, inanguruma, injini utaitoa unakojua, hata kifuani mwako. Na mbele ya ukoo utasema yale uliyoniambia mimi. Ndipo utaziona spana zako. Usipokuja, natupa moja moja kisimani, nahesabu."

"Talato, mimi nina watoto."

"Na mimi nina mama."

Akaondoka. Nyuma yake watu bado walikuwa wanashangilia.

*

Jumamosi.

Asubuhi bibi watatu wa ukoo walimwingiza Talato kibandani, wakamvua nguo zake, wakamvika za baba yake. Joho, kofia, viatu vinavyopwaya, fimbo mkononi. Kwa Wamosi huyo anaitwa kurita. Anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anasema kama marehemu. Na tangu avae mpaka jua lizame, huyo si binti tena. Ni Tibo. Mpaka ngoma za kuagia zimalizike, ndipo hao hao bibi watatu wamvue. Mwingine haruhusiwi kugusa hata kifungo.

Alipotoka nje, watu wakashika vinywa. Alikuwa Tibo mtupu! Ule mwendo wa kuburuta mguu wa kushoto, na kukohoa mara mbili kabla ya kusema.

"Karibu, kaka," Nobila akamwita, mikono kaifungua. Mtu mnene, mpole, sauti ya asali. "Mbona umekuja kwa miguu? Wewe si ulikuwa unakwenda hata chooni kwa pikipiki?"

Watu wakacheka.

"Au kuna mtu kaiuza?" Na hapo akamtazama mjane.

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, mikono kapakata. Talato akaenda kukaa pembeni yake.

"Atakuja huyo fundi wako?" mama akanong'ona.

"Atakuja, mama."

"Usiniite mama. Wanasikia."

"Atakuja, mke wangu."

Saa tano ikapita. Saa sita. Pombe ya mtama ikazunguka, ugali ukapakuliwa, ngoma zikapigwa na kupigwa. Hakuna pikipiki. Saa saba Nobila akasimama, akajipangusa mikono, akaanza, "Ndugu zangu, mimi sipendi kuaibisha mtu..."

Prrrrrr!

Kila kichwa kikageuka. Kwenye vumbi, kule nyuma ya maghala ya mtama, tangi la buluu! Zerbo juu yake, kainama kama anakimbizwa, na ile kengele ya baiskeli, kriing, kriing, kriing!

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka. Mzee mmoja akalia waziwazi. Mjane aliinuka kwenye mkeka, akaanguka, akainuka tena.

"Nimetoa injini ya pikipiki yangu mwenyewe," Zerbo akamwambia Talato akishuka, meno yamebanwa. "Nimeazima spana kwa jirani kama mwombaji. Ziko wapi zangu?"

"Kibandani. Sema kwanza."

Talato akapanda. Akazunguka boma mara tatu kama anavyozungushiwa marehemu mwanamume, joho likipepea, watu wakimkimbilia nyuma na kuita, "Tibo! Tibo!" Hata Nobila alikuwa anapiga makofi.

Alipiga makofi mpaka mzunguko wa tatu. Kisha akaingia chumbani kwake, akatoka na gunia.

Akalimwaga katikati ya uwanja. Kikatoka chuma kizito, cheusi.

"Injini," Nobila akasema. "Someni hapo ubavuni."

Mzee Lasida, mkubwa wa ukoo, akainama. Ubavuni mwa kile chuma kulikuwa na herufi zilizogongwa kwa patasi. T, I, B, O. Nusu ya wazee pale walikuwepo siku Tibo alipozigonga, kwa kuogopa wezi.

"Niliikuta sokoni, kule mji wa Yako," Nobila akasema, na machozi yakamjia, ya kweli kabisa, huyu mtu ana kipaji. "Muuzaji akaniambia kaletewa na mjane mwenye binti mrefu. Nikainunua niirudishe nyumbani. Nilinyamaza kwa aibu. Hiyo inayonguruma hapo si ya kaka yangu. Wameokoteza chuma wakapachika, watuone mazuzu!"

Uwanja ukachafuka. "Kweli?" "Hata mwaka haujaisha!" "Mume hajaoza bado!"

"Uongo!" mjane akapiga kelele, lakini nani amsikie.

"Kuna shahidi!" Talato akakohoa mara mbili, akainua fimbo. "Fundi yupo hapa. Semeni naye."

Watu wakampisha Zerbo. Akaja mpaka mbele ya Lasida, kofia mkononi.

"Wewe ni nani?" Lasida akauliza.

"Zerbo, fundi wa Dapoya."

"Zerbo gani? Msamo?"

"Msamo."

Na pale pale, kabla hajasema kitu kingine, tabasamu likaanza kutembea kwenye zile nyuso, mtu mmoja hadi mwingine. Msamo! Kwenye matanga ya Mmosi! Matanga bila mtani ni ugali bila mboga, na walikuwa wamekaa tangu asubuhi bila hata mmoja.

"Sema, mtumwa wetu," Lasida akasema.

"Nobila alikuja gereji kwangu," Zerbo akaanza. "Akaniambia nisitengeneze. Akanipa pesa nicheleweshe mpaka matanga yapite, na injini akaichukua yeye mwenyewe, kaikumbatia..."

Hakumaliza. Mtu wa kwanza aliangua kicheko nyuma kule, wa pili akafuata, kisha uwanja mzima ukalipuka.

"Kaikumbatia!" "Msamo jamani!" "Ongeza!"

"Si mchezo!" Zerbo akapiga kelele. "Nasema kweli! Naapa kwa kaburi la baba!"

"Baba yako si alizikwa na mbwa?" mtu akajibu, na watu wakashikana mabega kwa kucheka.

Zerbo akageuka huku, akageuka kule. Hakuna uso uliomwamini. Akapiga magoti, akalia. Machozi yakachuruzika kwenye oili usoni, na hilo ndilo likawamaliza kabisa, maana mtani anayejua kulia matangani ni lulu. Watu walijishika mbavu. Mwanamke mmoja alimrushia kola. Nobila mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, akachukua mfupa kwenye bakuli, akamtupia miguuni.

"Mpeni ale! Amefanya kazi nzuri!"

"Asante, mtani," Lasida akasema akijifuta macho. "Marehemu amefurahi. Kaa unywe."

Kisha uso wake ukarudi kuwa wa hakimu.

"Mjane ataondoka kabla jua halijazama."

Walikuwa wepesi, hao. Vyungu vikatolewa, khanga mbili zikafungwa furushi, furushi likarushwa nje ya lango. Mama yake Talato hakulia. Alikuwa anatafuta kiatu chake kimoja chini ya mkeka, anapapasa tu, anapapasa, na hakuna aliyeinama kumsaidia.

"Spana zangu," Zerbo akasema nyuma ya Talato, bado kapiga magoti. "Nimesema. Ulitaka niseme, nimesema."

"Hawajaamini."

"Wewe uliamini?"

Likamchoma mahali pake hilo. Talato akatazama mkono wake. Mkononi kulikuwa na fimbo ya baba yake, ya mti mgumu, kichwa chake kikubwa kama ngumi.

Zerbo akayafuata macho yake. Akarudi nyuma kwa magoti.

"Talato. Mtani hapigwi. Unajua. Damu ya mtani..."

"Talato hayupo hapa," akajibu. Akakohoa mara mbili. "Mimi ni Tibo."

Akampiga.

Ilimwingia juu ya jicho, na sauti yake kila mtu aliisikia. Zerbo akaanguka ubavu. Damu ikaja, si kidogo, ikaingia jichoni, ikashuka kidevuni, ikatona kwenye vumbi la uwanja wa matanga. Mpiga ngoma alibaki mikono juu.

"Sema sasa," Talato akasema.

Zerbo akainuka kwa kiwiko. Akasema yote tangu mwanzo, maneno yale yale, damu ikimtoka na mate. Nobila alikuja gereji. Nobila alisema chelewesha. Nobila aliondoka na injini.

Hakuna aliyecheka.

Maana mtu anaweza kumfanyia mtani wake kila kitu chini ya jua ila hicho. Aliyeimwaga ile damu hakuwa anatania, kwa hiyo na aliyemwagwa damu hakuwa anatania. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kumtafuta Nobila.

Mzee Lasida akajipangusa uso kwa kiganja. Halafu akanyoosha kidole langoni.

"Rudisheni furushi la mjane ndani."

Mama yake Talato akalipuka kilio. Walikimbia kumbebea, wale wale waliolirusha, mmoja akapata mpaka kiatu.

Talato akashusha pumzi ya wiki kumi na moja.

"Na wewe," Lasida akasema.

Alikuwa anamtazama yeye. 

"Mama yako anabaki. Wewe umemwaga damu ya mtani kwenye uwanja wa wafu. Toka. Usilale hapa. Usile hapa. Ngoma hazipigwi tena."

"Nimesikia," Talato akasema. Alishajua. Akawageukia bibi watatu. "Nivueni, niende."

Bibi watatu walirudi nyuma hatua moja, pamoja, kama wamevutwa na kamba.

"Ngoma zimekatika," mmoja wao akasema. "Tibo hajaagwa. Hatuwezi kukuvua."

"Nitavaa nguo za maiti mpaka lini?"

Bibi wakazidi kurudi nyuma.

Mama akajichomoa, akaja mbio, mikono mbele, anaita jina la mwanawe kwa sauti, mbele ya watu wote. Wanawake wawili wakamdaka kiunoni. "Ukimgusa, unatoka naye! Na nyumba umeshaipata!" Alirusha mateke. Hawakumwachia. Alikuwa kabakiza hatua mbili tu kulishika lile joho.

"Bakia, mama," Talato akasema. Hakumwita mke tena. "Bakia humo humo."

Akapanda pikipiki. Akapiga kiki, ikawaka. Zerbo alikuwa kakaa chini, kitambaa kwenye jicho, hata hakuinua kichwa kudai injini yake. Watu walijipanga pande mbili wakampisha, na walikuwa wanainamisha macho kama inavyofanywa jeneza likipita.

Katika zile nyuso zote hakuona uso wa Nobila.

Alikwenda. Jua lilikuwa bado juu, upepo wa joto ukimjaza joho mgongoni. Akapita maghala, akapita shamba la karanga lililovunwa, akashuka kwenye bonde la mchanga ambako mto hukauka mpaka mvua zirudi. Hapo katikati ya mchanga injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikafa. Zerbo alikuwa ametia petroli ya kufika tu.

Kimya kikashuka. Talato akashuka pia, akafungua tangi, akachungulia. Kavu.

"Imekataa, kaka?"

Nobila alikuwa amekaa kwenye jiwe, upande wa pili wa bonde. Alikimbia kwa njia ya mkato, akijua mchangani hapo kila pikipiki husukumwa. Hakuwa na gunia tena. Jembe lilikuwa magotini, na pembeni yake, kwenye mchanga, kulikuwa na shimo la wachota maji, limekauka, urefu wa kiuno.

"Baba mdogo," Talato akasema. Fimbo ilikuwa imebaki uwanjani.

"Nani baba mdogo?" Akasimama, akajipangusa magoti taratibu, sauti ile ile ya asali. "Kijiji kizima leo kimekuona ni Tibo. Wewe mwenyewe ulisema, Talato hayupo. Na wakakataa kukuvua. Nilisikia."

Akaanza kuja.

"Maiti haiuawi, kaka. Maiti inafukiwa tu."